Miguu ya Kushoto

Wanafunzi wake wa ushonaji walimwita Mama Mkasi, na jina likamkaa. Mkasi wake mkubwa ulining'inia shingoni kwa utepe mweusi tangu asubuhi mpaka anapofunga ukumbi, na ole wake atakayeugusa. Vitambaa vya mafunzo vilikuwa vya msaada, tena vichache, na yeye alivionea uchungu kuliko hata waliovitoa. Kwa hiyo alikata mwenyewe, chapuchapu, akagawa vipande vilivyo tayari, wanawake wakashona. Miaka sita ilikwenda hivyo. Kila darasa likimaliza, wanapewa vyeti na cherehani, picha zinapigwa, na hakuna anayeuliza la zaidi.

Katika darasa lililomaliza karibuni alikuwamo binti wa jirani yake, naye mama wa watoto wawili, waliyempachika jina la Kimya kwa kuwa maneno yake yalikuwa ya kuhesabu. Mshono wake ulinyooka hata Mama Mkasi akawa anawaringia watu nao. Wiki tatu baada ya cheti, shule ya mtaani ikampa kazi ya kwanza: suruali ishirini za wanafunzi, kitambaa kikitolewa na shule yenyewe. Kimya akaziaga nyumba alizokuwa akifulia nguo. Aliaga kwa furaha, na alijua kurudi kuomba tena kungekuwa aibu.

Siku ya nne akaja na gunia, akalimwaga mezani. Mama Mkasi akapindua kipande kimoja, akapindua cha pili, kisha cha tatu. Kitambaa kile kina uso wa nje na mgongo wa ndani. Lazima ukikunje ndipo ukate, mguu wa kulia utoke pamoja na wa kushoto. Kimya alikitandaza tu. Vipande vya suruali zote ishirini vilikuwa vya mguu wa kushoto.

Mama Mkasi akafoka, maana kufoka hakukumpa shida. Miezi minane amemfundisha, kitu kidogo hivi kimemshindaje?

"Mwalimu, kukata ulikuwa unakata wewe," Kimya akajibu polepole.

Kesho yake walikwenda shuleni pamoja, Mama Mkasi akamwambia mwalimu mkuu kwamba kosa ni lake yeye, akaomba kitambaa kingine. Mwalimu mkuu aliwapa viti, akawasikiliza kwa adabu, na kazi akampa fundi mwingine.

Darasa jipya likaanza, lakini kwa mwezi mzima Mama Mkasi hakuwa na raha. Mwishowe akauvua mkasi shingoni, akaupeleka kwa Kimya. Akamkuta uani, mikono ndani ya povu, amezungukwa na mabeseni ya nguo za watu. Mlango ulikuwa wazi. Cherehani imefunikwa shuka, juu yake madaftari ya watoto. Mama Mkasi akaomba msamaha. Akasema kila Jumamosi watakata magazeti, wao wawili, mpaka mkono uzoee.

Kimya akajifuta mikono kwenye gauni, akaupokea mkasi, akaufungua, akaufunga.

"Kumbe mzito hivi," alisema.

Kisha akamrudishia, akainamia beseni. "Wape mkasi hao wapya, mwalimu. Nguo hizi zinatakiwa jioni."