Maneno ya Kwenye Ugali Niliyapeleka Mkutanoni

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili msifike katikati mkaanza kunitafutia utetezi. Hakuna aliyenituma, wala sikuwa nimelewa. Nilisimama kwa miguu yangu miwili nikamtaja kaka yangu mbele ya mkutano, na tangu siku ile hakuwahi kubishana nami tena.

Jina langu liacheni. Mimi ni Mmatengo wa milima ya Mbinga, nimeishia darasa la nne, mwandiko wangu mnauona. Padre nilishamwambia zamani. Akanipa sala, nikazisali. Lakini siye padre niliyemkosea jamani!

Kwetu kulikuwa na sengu. Wanaume wa ukoo mnakutana kwa mkubwa wenu, kila mke analeta ugali wake na mboga yake, mnanawa, mnakula pamoja, na hapohapo mnazungumza yote. Mbuzi wa huyu kala maharage ya yule, linaishia hapo. Mahari, hapo. Baba alipofariki, sengu ikahamia kwa kaka. Baba alikuwa ametuachia neno moja la kushika: lililosemwa mkono ukiwa kwenye ugali halitoki nje. Hata kama umetukanwa. Unanawa, unalimwaga na maji.

Kaka nitamwita Baba Otilia, ndivyo watu walivyomwita. Alikuwa mkulima huyo! Sisi hulima ngoro, mashimo kwenye mteremko, maji ya mvua yanatulia mle badala ya kukimbia na udongo. Mashimo ya kaka ukiyatazama kutoka ng'ambo ya bonde ungedhani mtu katandika mkeka. Na mdomo alikuwa nao. Siku moja tulishuka naye Mbamba Bay, ziwani, na maharage, tukabadilishe kwa dagaa. Akanong'onezana na mama mmoja wa Kinyasa, yule mama akacheka mpaka akatuongezea dagaa kikombe kizima. Tukipanda mlima nikamwuliza, umemwambia nini? Akasema, "Nimemwambia mdogo wangu amekosa mke kwa sababu ananuka maharage." Na mke ninaye nyumbani! Basi, nimetoka njiani. Turudi.

Ikaja amri ya kuhamia vijiji vya ujamaa, kando ya barabara. Mimi nilikuwa balozi wa nyumba kumi, na niliamini. Mwanangu wa kwanza alifia mgongoni kwangu, homa, tukiwa njiani kwenda hospitali ya misheni, mwendo wa nusu siku. Mtu aliyebeba mtoto hivyo, ukimwambia zahanati itajengwa hapo barabarani, humwambii mara ya pili.

Kaka hakuamini. Kila tulipokaa kula, tulibishana.

"Kule tutalima kwa pamoja, kaka."

"Pamoja na nani? Na katibu wenu wa sweta mbili?" Katibu wa chama alitoka mkoa wa joto, baridi yetu ilimtesa, maskini.

"Umoja ni nguvu, kaka."

"Umoja tunao. Si huu hapa tunaula?"

Watu wakacheka, nami nikacheka. Ilikuwa hivyo, siku moja anakushinda, siku nyingine unamshinda, na ugali unaisha.

Halafu siku moja akasema hili.

"Bwana mdogo, wewe umefuga kuku. Kuku wakilala kila mmoja kwake, kideri kikija kinaua wawili, watatu. Na ukiwafungia wote banda moja?" Akalamba vidole. "Kijiji chenu ni banda. Na wewe ndiye jogoo. Unawika tu, hujui hata ufunguo kashika nani."

Walicheka mpaka binamu yetu akapaliwa, ikabidi apigwe mgongoni. Nilitafuta jibu, sikulipata. Nikanawa mikono. Lakini lile neno sikulimwaga. Niliamka nalo, nikaenda nalo shambani, nikarudi nalo.

Jumatano yake ukaitishwa mkutano, mchana, uwanja wa shule. Katibu akauliza, "Hili bonde mbona halihami? Balozi wake yuko wapi?"

Watu wote wakanigeukia. Ningeweza kusema tunachuma kahawa. Ilikuwa kweli, kahawa ilikuwa nyekundu mtini. Badala yake nikasimama nikasema, "Mimi niko tayari, ndugu Katibu. Ila yupo mtu anawaambia wenzake kijiji ni banda la kuku, tutakwisha kwa kideri."

Uwanja mzima ukacheka. Nawaambia ukweli wangu: nilifurahi! Mzaha ulionishinda kwenye ugali, sasa ulikuwa wangu, na watu walicheka upande wangu.

Katibu hakucheka. "Nani huyo?"

Kaka alikuwa amekaa hatua kumi tu kutoka niliposimama. Aliniangalia. Hakutikisa kichwa, hakukonyeza. Alikuwa ananingoja, kama unavyomngoja mwenzako amalize kunawa akupe kata ya maji.

Nikasema, "Baba Otilia."

Walimchukua palepale. Alikaa ndani siku kumi na mbili, wapi sisemi. Mgambo wakaja kushusha nyasi za paa lake. Mama yetu alikuwa bado hai, akatoa vyungu nje kimoja kimoja, akavipanga kwa ukubwa wake kama vitauzwa. Mimi nilisimama pembeni nikitazama nyasi zinavyoanguka, nikawaza: nyasi hizi bado nzima, zinafaa kuezekea tena. Ndicho nilichowaza. Kingine hakikuja. Kahawa yake iliyoiva ikaanguka chini, ikakauka.

Alirudi anachechemea mguu wa kushoto. Akajenga kijijini kama wote, ng'ambo ya njia kutoka kwangu, mlango unatazama mlango. Asubuhi nilimwamkia.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Balozi."

Basi, imekwisha. Ile "bwana mdogo" sikuisikia tena. Sengu hakuna aliyeivunja kwa maneno, ila haikukaa tena. Kila mmoja alikula kwake, mlango umerudishwa.

Mwaka uliofuata tukaambiwa shamba la pamoja lilimwe matuta, yanyooke kutoka juu hadi chini, yapendeze. Pale ni mteremko! Hata mimi nilisita. Nikawauliza watu wangu, kuna mwenye maoni? Wakatazama majembe yao. Nikamgeukia kaka, ambaye kwa habari ya maji na udongo hakuwa na mwenzake milimani kote.

"Kaka, unaonaje?"

"Ni sawa, Balozi."

Mvua kubwa ya kwanza ikabeba udongo na mbegu, vyote mtoni. Asubuhi tulisimama pale na majembe begani, tunatazama mwamba mtupu. Nilingoja mtu anitukane. Mzee mmoja akaniambia, bila hata kuulizwa, "Ni sawa tu, Balozi." Kumbe walikuwa wanazungumza wao kwa wao. Wakiniona natokea, wanaanza habari za mvua.

Miaka ikapita. Watu wakaanza kurudi juu kwenye ngoro zao, mmoja mmoja, na kaka naye. Lakini shule ilibaki, na zahanati ilibaki. Otilia, mtoto wake kaka mwenyewe, alisomea shule ile ya kijijini, akawa muuguzi wa zahanati ileile. Siku nilipomwona kwa mara ya kwanza na gauni jeupe nikasema, hilo hapo! Hilo ndilo jibu la kuku nililolikosa miaka yote! Nikataka kukimbia kwa kaka nikamtupie, naye angepata la kunijibu, namjua. Nikafika njia panda nikasimama. Ningemwambia, halafu?

Alipougua mara ya mwisho nilikwenda. Otilia alikuwa anamnywesha uji. Nikakaa kwenye kigoda.

"Kaka, lile la kuku. Ulisema kweli."

Akameza uji.

"Na mimi nilikuwa na kweli yangu kidogo. Si huyu hapa Otilia? Nijibu basi. Sema nimekosa. Niite jogoo."

Akanitazama bila chuki. Ningeiona chuki ningefurahi.

"Ni sawa, Balozi," akasema, akageuza kichwa apokee kijiko.

Siku ya tatu tulimzika. Watu walilia sana. Mimi nilishika koleo, nikajaza udongo, nikaenda nyumbani, nikala.

Nanyi mnaobishana leo, mmoja chama hiki, mwingine kile, sikilizeni la mzee wa darasa la nne. Mwenzako akikushinda kwenye chakula, shindwa palepale. Usibebe neno lake ukamtafutie watu wa kukusaidia kumshinda, maana watapatikana! Na siku atakapoanza kukuitikia "ni sawa" katika kila jambo, jua umeshampoteza. Ukikosa jibu, kata tonge jingine, kesho utajaribu tena. Mimi jibu langu nililipata. Ninalo mpaka leo.