Mboga Niliyoandikiwa

Kilichokuwa karibu na mkono wangu ni mfuniko wa sufuria. Kingekuwa kisu, ningeshika kisu, sijidanganyi. Mimi ni mwepesi wa kupiga tangu utotoni. Ijumaa ile, jikoni kwetu Fereej Bin Mahmoud, huku Uarabuni, nilimpiga dada wa Kikenya niliyeishi naye chumba kimoja, mtu aliyenichukulia kama mdogo wake wa damu.

Nianze na uso. Sote wawili tulikuwa tukipokea wageni mlangoni mwa mgahawa wa hoteli. Mwaka wangu wa pili, chunusi zikanivamia mashavuni, kubwa, zenye usaha. Nilizikamua kwa kucha mpaka damu ikatoka, nikazisugua kwa limau na sukari, na siku moja nikajizaba kofi mbele ya kioo. Supavaiza akanishika kidevu kwa vidole viwili, akaugeuza uso wangu huku na huku kama anachagua nyanya. Akanipa mwezi mmoja. Nisipopona, khalas, nashuka dobi, chini ya ardhi, kwenye mvuke na mashuka ya watu. Na kwetu Shinyanga mama alikuwa ametundika sebuleni picha yangu nikiwa na sare ya mlangoni. Nilipiga teke mlango wa choo mpaka kitasa kikang'oka.

Dada ndiye aliyenipeleka kliniki, maana Kiingereza changu kilikuwa kinaishia kwenye kukaribisha watu mezani. Nesi aliongea sana. Dada akanifupishia:

"Amesema ukule mboga mingi, hiyo ndiyo dawa. Wali upunguze, soda uachane nayo, na ukunywe maji."

"Mboga tu, dada?"

"Mboga, mrembo. Mingi, mob!"

Nilifurahi kupita kiasi. Kwetu mboga ni chochote kinachoteremsha ugali: nyama ni mboga, dagaa ni mboga, maharage ni mboga. Majani tunayaita mboga za majani, na nesi hakutaja majani. Utotoni nilichapwa mwiko wa vidole kwa kudokoa nyama kabla ya wakubwa, leo nimeandikiwa nyama kama dawa! Kila siku ya mapumziko nilikwenda sokoni Abu Hamour, nikarudi na mbavu za kondoo na samaki, nikakaanga. Ugali nilimega matonge mawili tu. Dada alikuwa shifti ya jioni, mimi ya asubuhi, kwa hiyo hakuniona nikila.

Wiki ya tatu shavu la kushoto likavimba mpaka jicho likafinyika.

Ijumaa hiyo sote tulikuwa mapumziko. Dada aliingia jikoni akanikuta nageuza mbavu kwenye mafuta.

"Ai! Na ile mboga uliambiwa ukule?"

"Si hii hapa?"

Akatazama kikaango, akanitazama uso, akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Wewe nawe! Hiyo ni nyama! Mboga ni sukuma, ni kabeji, ni spinachi!"

Angenitukana ningevumilia. Kicheko kile kiliniambia kwamba amenitega, kwamba anataka mlango abaki nao peke yake. Nilimkamata nywele nikambamiza kwenye friji. Akanikwaruza shingo, akanipiga kiwiko cha tumbo, huku akilia, "Niachilie!" Nikanyakua mfuniko nikamshushia. Ukingo wake ulikuwa umebanduka, bati tupu, ukampasua kuanzia kwenye nyusi hadi shavuni. Damu ilitiririka kwenye gauni lake la Ijumaa. Nikachukua taulo nikambana nalo usoni.

Kliniki ile ile, nesi yule yule. Neno moja tu la dada lingenipeleka jela, kisha kwenye ndege ya kurudi nyumbani. Nilisimama ukutani nikisikiliza. Nesi alimuuliza, na safari hii nilielewa jibu: ameteleza jikoni. Walimshona. Tulipotoka nikamwomba msamaha.

"Leo sina nguvu ya kukuchukia," alisema. "Twende tununue mboga."

Alinifundisha kupika spinachi na bamia akiwa na bandeji usoni. Mwezi ulipoisha uso wangu ulikuwa bado, lakini dada alikuwa mgonjwa na supavaiza hakuwa na mtu mwingine wa mlangoni, akanivumilia na poda yangu nene. Chunusi zikakauka taratibu.

Siku dada aliporudi kazini na kovu lake, supavaiza alimshika kidevu kwa vidole viwili, akaugeuza uso wake huku na huku. Nilikuwa nimesimama hatua mbili. Sikufungua mdomo.

Mpaka leo niko mlangoni. Wageni wanasifu ngozi yangu, wananiuliza natumia nini. Nawajibu kwamba nakula mboga. Kisha napokea vitambaa vya meza kutoka dobi, dada amevikunja, bado vina joto la pasi yake.