Leso ya Mama Uwanjani

Mwaka ule wasichana wa sekondari ya mdogo wangu, huko Matsangoni, waligoma. Maji ya kisima chao yalikuwa ya chumvi, basi wakaketi uwanjani juani wakakataa kuingia darasani. Wazazi wakaitwa, nikaenda mimi. Baba na mama walikwisha kufariki, na nilikuwa nimeacha shule nikauza mahamri Muyeye ili yeye asome.

Mwalimu mkuu akasema kila mzazi amwinue mwanawe, la sivyo mtoto atafukuzwa. Nikamwendea mdogo wangu.

"Shikamoo, dada. Tafadhali usiniinue. Nitawaachaje wenzangu?"

"Marahaba. Umekula?"

"Bado."

Nikavua leso ya marehemu mama niliyojitanda, nikaketi kando yake, nikaitandaza juu ya vichwa vyetu viwili. Nikampa hamri.

"Na huyu naye kagoma?" mama mmoja akacheka. Kisha akaketi kando ya bintiye, akakunjua leso yake. Wengine wakafuata.

Alasiri lori la maji likaingia, wala hakufukuzwa mtu. Mdogo wangu alikuwa amelala begani mwangu. Sikumwamsha; nilingoja amalize usingizi wake.