Pua Yangu na Wanawake wa Maombi

Nina ualbino, na nimechuma majani chai hapa Sosiot tangu nikiwa msichana, kwa hiyo jua na mimi hatupatani. Juzi juzi lilinipa kidonda puani kisichotaka kupona. Daktari wa ngozi akasema ni saratani changa, na kwa kisu ningebaki na nusu pua. Haki niliogopa. Pua ndiyo hiyo moja.

Bahati nzuri, kulikuwa na njia nyingine. Alinipaka krimu, akaifunika kwa saa kadhaa, kisha akaniwashia taa nyekundu. Krimu hiyo, akasema, hujaa kwenye chembe mbovu, na taa ikizipiga zinafia humo humo. Ilichoma kama pilipili, lakini nikavumilia. "Sasa, mama, kaa ndani siku mbili, mapazia yafungwe. Dawa bado imo. Jua likikupata, utaungua."

Nikajifungia. Ala! Kesho yake wanawake wa maombi wakajaa sebuleni na kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya mgando. Kwetu huku mwenyeji ni ukungu, na jua likichungulia tu, mgonjwa hutolewa nje aliote. Nikawaeleza habari ya dawa. Mwenyekiti wao, anayejua kila kitu isipokuwa kunyamaza, akavuta pazia. "Gizani wanakaa waliorogwa, dada. Toka upate vitamini!" Wakanishika mikono huku na huku, wakanikalisha katikati ya uwanja, wakaomba. Na waliomba kweli kweli! Wote walikuwa wamefumba macho, kwa hiyo hakuna aliyeona pua ikigeuka nyanya.

Ilivimba, ikatoka magamba, nikalia wiki nzima nikidhani imeharibika. Wao wakatangaza kwamba taa ya daktari imenichoma. Lakini daktari aliponipima tena, saratani ilikuwa imekwisha na pua iko nzima. Nilimkumbatia mpaka miwani yake ikaanguka.

Unadhani taa ilipewa sifa? Wapi! Jumapili, kwenye mkutano wa nje, mwenyekiti akatangaza muujiza uliofanyika uwanjani kwangu. Yeye na wenzake walikaa chini ya hema. Mimi nikasimamishwa juani, saa sita mchana, nitoe ushuhuda. Kofia nikavuliwa, ati si heshima.

Nikashika kipaza sauti. "Mungu alimpa daktari taa," nikasema, "na nyinyi akawapa hema. Sogeeni niingie."

Wakasema amina, wakapiga makofi, na hakuna aliyesogea.