Mbeba Tipoyi Aliyeingia Mashindanoni na Mgonjwa wa Kweli

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mashamba ya mpunga ya Kibundila, na Célestin Kalonda anakaza kamba ya kiti kwa meno. Anaivuta mara ya pili, mara ya tatu, kisha anamgeukia Mama Marguerite, bibi mwenye mguu uliovimba, anayengoja kupelekwa kwa munganga wa zahanati.

"Mama, ikala sasa kwa kiti. Shika hapa na hapa."

"Mutaniangusha mutoni, nyinyi."

"Mama, mimi iko na miaka makumi mbili na moja kwa kazi hii. Sijaangusha mutu."

Wanaume wanne wanainama pamoja na kuinuka pamoja. Kiti kinapanda hewani bila kutikisika. Hii ndiyo tipoyi: kiti cha matete kilichofungwa juu ya miti miwili mirefu, ncha nne kwa mabega manne. Gaston, aliye mbele, anaita, "Jiwe!" Walio nyuma wanaitika, "Tumeliona!" Wanaingia kwenye njia nyembamba ishukayo bondeni, na baada ya hatua mia moja hivi bibi anaacha kung'ang'ania kiti.

Célestin ana miaka thelathini na minane. Alianza kubeba akiwa na kumi na saba, zama ambazo kutoka Kabambare hadi Kasongo ilikuwa ni siku nyingi za miguu. Alibeba maofisa wa serikali, mapadri na wanunuzi wa pamba. Malipo yalikuwa faranga moja kwa siku na kikombe cha chumvi. Ukimwomba, anateremsha shati na kukuonyesha bega la kuume: lina nundu ngumu kama kisigino.

"Bwana mumoja alilala usingizi toka kijito mpaka kijito," anakumbuka. "Alipoamka aliuliza kwa nini tumesimama. Hakuuliza kama tumechoka."

Kisha barabara ikachongwa, malori yakaanza kupita, na wabebaji wakatawanyika. Wengine walirudi kulima, wengine wakaenda kuchimba madini huko Lusangi. Lakini barabara ilipita mbali na Kibundila, mwendo wa kilometa tisa nyuma ya vilima. Kijijini humo mgonjwa asiyeweza kutembea bado huenda mjini juu ya mabega ya Célestin na wenzake watatu. Siku hizi hawadai malipo. Mwenye kuku huleta kuku, asiye na kitu hushukuru.

Ila wabebaji hao wanajulikana Kasongo kwa jambo jingine kabisa.

Kila tarehe ishirini na moja Julai, sikukuu ya Wabelgiji, mji hufurika watu waliokuja kutazama michezo. Kuna mlingoti uliopakwa mafuta ya mawese, na juu yake wamefunga mbuzi hai anayelalamika mpaka apatikane wa kumteremsha. Kuna mbio za baiskeli ambazo mshindi ni anayefika wa mwisho bila kuweka mguu chini. Na kuna mchezo unaowatoa hata wagonjwa vitandani: mashindano ya tipoyi na maji.

Masharti yake ni mepesi kuyasema. Watu wanne wanabeba kiti, mtu wa tano ameketi juu yake, na mapajani amepakata beseni lililojaa maji hadi ukingoni. Wanatoka sokoni, wanapita mbele ya ofisi za serikali, wanafika kwenye lango la hospitali. Huko maji yaliyosalia hupimwa kwa chupa, na wenye mengi ndio washindi. Kikosi cha Kibundila kilishinda mara mbili. Mara zote mbili cha pili kilikuwa cha Nyangwe, kinachoongozwa na Abedi, mvuvi mwenye mdomo mrefu.

"Abedi alisema tunaweka gundi katika maji," Célestin anacheka.

Si wote wanaoupenda mchezo huo. Antoine, karani kijana wa mjini, alipita nyumba kwa nyumba akiwaomba watu wasiende kuutazama. "Baba zetu walibebeshwa watu kwa nguvu," asema. "Leo tunalifanya jambo hilo kuwa kichekesho?"

Célestin alimsikiliza mpaka mwisho. "Nilimwambia, mutoto yangu, unasema kweli. Lakini zamani hakuna aliyeniuliza nani nitabeba. Siku hii moja nachagua mwenyewe."

Mwaka jana hakuchagua.

Adhuhuri ya tarehe ishirini Julai, mke wake Sidonie alishikwa na uchungu wa kuzaa. Ilikuwa mimba ya tano, na hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Lakini kulipopambazuka mkunga alitoka nje akiwa amejifuta mikono tayari. Mtoto amelala mshazari, alisema, na yeye amefika mwisho wa ujuzi wake.

Tipoyi ilikuwa imesimama ukutani, imepambwa kwa maua mekundu na majani ya mchikichi kwa ajili ya mashindano. Hapakuwa na nafasi ya kuyatoa. Walimwegemeza Sidonie kitini, wakamfunga kwa kanga mbili asiteleze, wakaondoka.

"Nimebeba watu wazito," Célestin asema. "Yeye hakuwa muzito. Lakini siku ile nilitazama kila jiwe mara mbili."

Walipotokea barabarani walitumaini kupata lori. Hapakuwa na lori hata moja, ilikuwa sikukuu. Wakaendelea kilometa tano nyingine, wakibadilishana mabega bila kusimama, hadi walipoona bendera za mji na kusikia ngoma. Njia pekee ya kufika hospitali ilikuwa imezungushiwa kamba pande zote mbili, na nyuma ya kamba walisimama watu maelfu. Mashindano yalikuwa karibu kuanza.

Umati ulipoona maua, ulilipuka kwa vigelegele.

"Kibundila wamechelewa, lakini wamefika!" alitangaza Mzee Pierre, msimamizi wa michezo, kwa bati lake la kusemea. "Na mwaka huu wametuletea mama anayejua kuigiza!"

Sidonie alipiga kelele za uchungu. Watu wakaangua kicheko. Alipopiga tena, walipiga makofi. Mzee Pierre mwenyewe alikuja mbio na beseni lililojaa, akanyoosha mikono kuliweka juu yake.

"Baba Pierre, ondosha beseni," Célestin alisema. "Huyu hapana mutu wa muchezo. Muke yangu anakufa."

Mzee Pierre alimtazama Sidonie usoni. Beseni lilimtoka mikononi.

Wabebaji walisonga mbele. Hapo Gaston aliteleza kwenye maji yaliyomwagika, goti likagusa ardhi, na kiti kikainama. Célestin anasema aliona dunia yote inainama. Lakini kabla kiti hakijaanguka, bega jingine lilikuwa limeshaingia chini ya mti. Lilikuwa la Abedi. Wenzake watatu walitua tipoyi yao katikati ya njia na kumfuata.

"Toka, yaya, umechoka," Abedi alimwambia Célestin, kama mtu anavyomwita kaka yake mkubwa. "Sisi tumelala vizuri."

Waliupokea mzigo ukiwa mwendoni, ncha moja baada ya nyingine, na kuondoka nao mbio. Umati ulikata kamba wenyewe kuwapisha. Célestin aliwafuata nyuma, mikono mitupu, bila kujua aifanyie nini.

Alikaa barazani mwa hospitali, Abedi kando yake. Hata jua lilipofika utosini mtawa mmoja alifungua mlango, aproni yake imelowa.

"Mama iko muzima," alisema. "Mutoto muke, naye muzima. Analia sana."

Célestin alisimama. Akaketi tena, akaanza kucheka, na machozi yakawa yanamtoka huku akicheka. Abedi alimpiga mgongoni mara nyingi mno.

Mashindano yalifanyika alasiri. Nyangwe, mabega yakiwa yamekwisha, walifika na maji yasiyojaa hata chupa moja. Walikuwa wa mwisho, na walishangiliwa kuliko washindi.

Mtoto anaitwa Mado. Mjini watu humwita Beseni, jina ambalo baba yake hataki kulisikia. Sasa anajifunza kusimama kwa kushika miti ya tipoyi.

Karani Antoine hajabadili mawazo. "Nilisema ni aibu, na bado nasema," aeleza. "Ila aibu haiko kwenye mabega ya Célestin. Iko kwenye zile kilometa tisa." Ndiye aliyemwandikia Célestin barua kwa wakubwa wa serikali wa teritwari kuomba barabara, na mwezi uliopita wapimaji wawili walifika Kibundila na minyororo yao ya kupimia. Vigingi vyao vya kwanza vimesimama kando ya kijito.

Haogopi kukosa kazi lori likianza kufika? Célestin anamtua Mama Marguerite mbele ya zahanati, taratibu, na kujifuta shingo.

"Mimi nangojea hilo kamyo," asema. "Tangu mugongo wa mama yangu, hakuna aliyenibeba. Siku litakapofika kwetu nitapanda nyuma na Sidonie na mutoto, na nitaikala. Njia yote, mpaka Kasongo, sitatazama jiwe hata moja."