Mama Alipewa Dakika Mbili

Siku niliyomziba mama yangu mdomo mbele ya ukumbi mzima naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu nilikuwa nacheka. Sikumziba kwa mkono. Yeye alikuwa anasema Kiswahili, mimi ndiye niliyekuwa namgeuzia kwa Kiingereza, na kila alichokisema kwa kijiko mimi nilikimwaga kwa ndoo ili wenzangu waliokaa nyuma wacheke. Wakacheka kweli. Muda ukaisha. Alichokuja kukisema hakukisema.

Ndiyo, nakuita mwanangu. Najua nina miaka kumi na saba na ndevu zangu hata nikisimama juani hazionekani. Lakini wewe uko mwaka wa saba, begi lako limekuzidi mgongo, na juzi nimekuona kwa daktari ukimtafsiria mama yako pale dirishani huku umebinua mdomo kama mtu aliyelazimishwa kula bamia. Nikasema, huyu ni wangu. Kaa chini. Simu mfukoni. Mzee anaongea, na mzee ana hasira.

Kuna sheria mpya ilipitishwa huko bungeni. Inasema shule ya kaunsili, yaani halmashauri ya mtaa, inaweza kukabidhiwa shirika liiendeshe lenyewe, iwe akademi. Pesa bado za serikali, yaani kodi za akina mama wanaokesha wakiwageuza wazee wa watu vitandani. Watoto ni sisi sisi. Paa linavuja pale pale. Kinachobadilika ni nani unayeweza kwenda kumgombeza. Zamani ukiwa na shida ulipanda basi mpaka kaunsili, ukasubiri, ukajibiwa vibaya na mtu mwenye jina. Sasa unaandika baruapepe, nayo inakushukuru kwa kuwasiliana.

Sisemi akademi zote ni mbaya. Binamu yangu wa Southall anasoma kwenye akademi na anaipenda, eti wana maabara ambayo mabomba yake yanatoa maji. Mimi nasema habari ya shule yetu hapa Ilford. Shirika lililoitaka lilikuja na picha za watoto wanaotabasamu, na katikati ya tabasamu hizo likapenyeza jambo moja: kile chumba cha watoto viziwi kitahamishiwa shule yao nyingine, huko upande wa pili wa London, ili huduma ziwe pamoja.

Hicho chumba hukukikuta. Kilikuwa cha mwisho, karibu na jiko, kina zulia mpaka ukutani, na miguu ya viti imevalishwa mipira ya tenisi ili visikwaruze sakafu na kupiga kelele ndani ya vile vifaa vya masikioni. Dada yangu Rehema alisoma humo. Kabla ya hapo alikuwa mtoto wa kukaa pembeni, anatazama midomo ya watu na kuchoka. Hakumaliza mwaka humo kabla hajaanza kunitukana kwa lugha ya alama, haraka kiasi kwamba ilibidi na mimi nijifunze ili nimrudishie. Mama alikuja kwenye ule mkutano wa shirika na wazazi kwa ajili ya chumba hicho tu. Kibaki pale. Hakuwa na ombi lingine duniani.

Sasa mjue mama yangu. Anahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee, shifti ya usiku. Kiingereza chake ni cha kazini: geuka kidogo, meza dawa, pole mpenzi. Kinamtosha kumwogesha mtu kwa heshima. Mbele ya maikrofoni kinamkimbia. Wiki nzima alikuwa anapiga pasi huku anajisomea hotuba, na mimi natafuna mkate namsikiliza. Niliijua yote.

Siku yenyewe, mlangoni mwa ukumbi kulikuwa na mama mmoja wa shirika ameshika simu. Akaniuliza, "Wewe ndiye mkalimani?" Nikasema ndiyo, mimi. "Kila mzazi ana dakika mbili. Na tafsiri inahesabiwa humo humo. Mwambie mama yako."

Nikamwambia sawa. Mama sikumwambia.

Kwa nini? Kwa sababu mama ni mtu wa Tanga. Kwao huwezi kusimama mbele ya wageni ukaanza na shida kama kondakta anayedai nauli. Unasalimu. Unamshukuru aliyekuita, unamshukuru aliyechemsha chai, unaomba radhi kwa kuchukua muda wa watu, ndipo unafika. Na mimi nilitaka kuona uso wa yule bwana mkubwa wa shirika akishukuriwa mpaka apauke. Jina lake halisi halikuhusu. Alivaa suti ya bei na soksi zenye picha za mananasi, basi kwangu ni Bwana Mananasi mpaka kiama.

Mama akashika maikrofoni kwa mikono miwili. "Asalaam aleikum. Wazazi wenzangu, habari za jioni. Kwanza kabisa nawashukuru wageni wetu kwa kuja."

Mimi kwa Kiingereza: mama anasema amani iwe juu yenu, na juu ya wake zenu, na juu ya soksi zenu. Anasema tangu azaliwe hajaona ugeni mtukufu kama huu, na kwamba angejua, angetandika zulia kuanzia kituo cha treni.

Nyuma wakaangua kicheko. Mama akageuka akaniangalia, akatabasamu. Alidhani wamempenda.

Hapo ningeweza kuacha. Nakwambia ukweli, nililiona lile tabasamu, nikaendelea.

"Namshukuru mwalimu mkuu," akasema, "na walioandaa chai."

Mimi nikaitangaza ile chai kama mtu anayeuza dawa ya meno stendi. Bwana Mananasi akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa. Mama akanigeukia tena na lile tabasamu, na mtu akapiga picha.

"Sasa," mama akasema, na sauti yake ikashuka, "mimi nina mtoto wangu, anaitwa Rehema..."

Simu ya yule mama wa mlangoni ikalia. Mlio wenyewe wa bata. Kwak, kwak, kwak.

"Asante sana," wakasema. "Anayefuata."

"Bado sijasema," mama akaninong'oneza. "Waambie bado sijasema."

"Muda umeisha, mama."

"Muda gani?"

Maikrofoni ikaondoka mikononi mwake. Kwenye basi akaniuliza, "Lakini wamenielewa?" Nikasema wamekuelewa. Akashuka kituo cha kazini kwake, ameridhika.

Mtu pekee aliyejua ni Bibi Kusum, yule mwenye duka la sare karibu na stesheni. Amezaliwa Kisumu, mjukuu wake anasoma na sisi, na siku ile alikaa mstari wa mbele akisikia lugha zote mbili. Mimi nilisahau kabisa. Siku chache baadaye nikaenda kwake kununua tai.

"Wewe. Kuja hapa."

"Shikamoo, Bibi."

"Wacha shikamoo yako. Mama yako alisema maneno kidogo, wewe ukatoa hotuba ya harusi. Ulifikiri ukumbi mzima hakuna mtu anasikia?"

Nikajaribu kucheka. Hakucheka. Nikaangalia pembeni, na nyuma ya kaunta nikaona maboksi, na juu ya boksi moja sweta yenye nembo mpya ya akademi.

"Hizi zimekuja lini, Bibi?"

"Kabla ya mkutano."

Mwanangu, nilifurahi! Nilipanda juu ya lile boksi kama wakili. "Si unaona! Walishaamua! Sweta zimeshashonwa, halafu wanatuita eti tushauriane. Hata mama angehutubia mpaka alfajiri, ingekuwa vile vile. Kwa hiyo mimi sina kosa."

"Walishaamua, ndiyo," akasema. "Ni waongo, na mimi nauza sweta zao kwa sababu hii duka lazima ilipe kodi. Lakini kuchukua chumba ya yule msichana, ilikuwa lazima wasimame pale wamuangalie mama yake akiwaambia. Hiyo ndiyo kazi ilikuwa imebaki. Wewe ukawaondolea hiyo kazi. Kwenda. Tai siuzi."

Nilitoka. Na sikumwambia mama bado, usinione shujaa. Nikakaa nalo.

Shule ikageuka akademi. Jina jipya, sweta mpya, mkuu mpya wa nidhamu anayetusimamisha mstari kimya kama bidhaa. Na asubuhi moja, kwenye uzio unaotazama kituo cha basi, nikakuta bango kubwa. Mama yangu. Maikrofoni kwa mikono miwili, lile tabasamu lake aliloniangalia nalo. Chini yake: Familia zetu zinasema asante.

Sikuwahi kujua hasira inafika mpaka kwenye meno. Walimkata mama yangu pale alipotaka kuanza, wakachukua salamu zake, adabu aliyofundishwa na mama yake, wakaipanua mita kadhaa wakaitundika barabarani kuuzia kitu alichokuja kukipinga. Na picha ile, mwanangu, mpiga picha wake wa kweli ni mimi. Nikaingia darasa la ufundi, nikachukua mkasi, nikatoka saa ya mapumziko watu wote wakiona, nikalikata kutoka upande mmoja mpaka mwingine. Wenzangu wakapiga makofi. Walidhani ni mzaha wangu mwingine.

Kesho yake asubuhi mama akaitwa. Akaja moja kwa moja kutoka shifti, sare ya kazi chini ya koti, macho mekundu. Ofisini alikuwa Bwana Mananasi mwenyewe. Mkalimani hawakuleta. Akaninyooshea mimi kidole: tafsiri. Mshtakiwa, tafsiri mashtaka yako! Hiyo ndiyo akademi.

Basi nikatafsiri. Neno kwa neno, safari hii.

"Anasema nimeharibu mali ya shule."

"Mali gani?"

"Bango."

"Bango la nini?"

"La picha yako, mama."

Mama mchana analala, upande ule hapiti. Hakuwahi kuliona. "Limeandikwaje?"

"Familia zetu zinasema asante."

"Mimi niliwaambia asante ya nini?"

Nikasema. Nilisema kwa Kiswahili kwanza, dakika mbili, bata, soksi, chai, yote, halafu nikarudia kwa Kiingereza ili na yule bwana ajue. Hakuna aliyecheka. Bwana Mananasi akaanza kusema kwamba hayo ni ya nyumbani. Mama akaweka mkoba wake sakafuni.

Hakusalimu. Hakushukuru mtu. "Mtoto wangu anaitwa Rehema," akasema. "Alipokuwa mdogo alikuwa anaugonga ukuta kwa kichwa kwa sababu hakuna aliyemwelewa. Kwenye kile chumba amepata mwalimu, amepata rafiki, ameacha. Ukimpeleka mbali ataamka gizani, atapanda mabasi mawili peke yake, na dereva akitangaza kwamba basi linageuza njia, hatasikia. Nataka unijibu siku hiyo nani atakuwa naye."

Nikatafsiri bila kuongeza hata pumzi. Yule bwana akatupia jicho saa ya ukutani.

"Mwambie asitazame saa," mama akasema. "Nikimaliza nitamwambia."

Nikamwambia. Akaacha kutazama. Alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Alisema amesikia, na uamuzi umeshapita. Bango halikurudi. Mimi nikapewa wiki moja kwenye chumba cha kutengwa, nikitazama ukuta. Mwisho wa muhula gari likaja likabeba viti, mipira ya tenisi ikiwa bado miguuni. Rehema sasa anatoka nyumbani kabla mimi sijaamka.

Kwa hiyo nisikilize. Ukimtafsiria mama yako, kwa daktari, kaunsilini, shuleni, popote, mdomo huo umemwazima. Hauna ruhusa ya kuuchezea. Uliza wana muda gani, umwambie. Wakisema tafsiri inahesabiwa humo humo, gomba pale pale, kwa sauti, kwa sababu huo ni wizi hata ukifanywa na mtu anayetabasamu. Wadai mkalimani mtu mzima anayelipwa. Si kazi yako, wewe una kazi ya hesabu hujamaliza. Na mama akianza na shukrani zake, usimwonee haya na usimkate. Mnong'oneze tu: mama, anza na Rehema. Wewe utakuwa na jina lako la kuweka hapo. Kasirika, mwanangu, kasirika sana, wanastahili. Mzaha pia fanya, mimi bado nafanya. Ila ufanye kwa maneno yako.

Mungu akuzidishie akili, maana ya kuzaliwa nayo nimeiona haitoshi. Akupe ulimi mzito kila ukitaka kuchekesha watu kwa jasho la mwingine. Mama yako asikatizwe popote anapoingia, na ukizeeka kama mimi, upate mtoto wa mwaka wa saba wa kukusikiliza. Amina. Sema amina, we mtoto.

Na mama, tulipotoka ofisini siku ile tukasimama nje getini, hakunipiga wala hakulia. Alifunga vifungo vya koti lake, akasema hivi: "Mimi nimekusamehe, nitafanyaje, nimekuzaa. Lakini Rehema hajui. Nenda ukamwambie kwa mikono yako mwenyewe. Na akianza kukujibu, usimkatize."