Sahihi ya Mlinda Geti

Mimi ndiye ninayeandika habari za mtaa wetu wa Drumcashlin kwenye gazeti la wiki: nani kafiwa, nani kashinda bahati nasibu ya kanisa, paa la shule limevuja tena. Kwa hiyo jambo hili nalijua vizuri, na sehemu ya aibu yake ni yangu. Sijifanyi mtakatifu.

Attracta Gilroy ana miaka themanini na tisa. Aliolewa akiwa na ishirini na moja, akaletwa kwenye nyumba ya geti, pale reli inapokatiza barabara ya sokoni. Nyumba ilikuwa ya kampuni ya reli, na kampuni haikuwa ikiajiri wanawake. Mlinda geti aliyeandikwa ni mumewe, Malachy.

Tatizo ni kwamba Malachy alikuwa haziwezi treni. Alipokuwa fundi wa njia ya reli alimwona mwenzake akikatwa miguu na behewa, na toka siku hiyo akisikia honi tu anatetemeka mwili mzima. Kengele ya kuarifu treni inakuja ikilia mle ndani, yeye huyoo, kwenye viazi vyake nyuma ya nyumba. Anayetoka ni Attracta. Alifunga barabara, akapunga bendera ya kijani, treni ikipita akafungua, kisha akaingia kuandika saa kwenye daftari. Chini ya saa alitia sahihi: M. Gilroy. Angeandika jina lake wangetimuliwa wote, na watoto wao. Treni sita kwa siku, miaka ishirini, kwa mvua hii yetu isiyojua kuchoka. Binti yake wa pili alizaliwa baada ya treni ya saa nne asubuhi, na ya saa sita mama mtu alitoka mwenyewe kuipisha.

Reli ilifungwa mwaka 1975. Malachy akafa, watu wakasahau. Mwaka jana Fintan Quigley, mwalimu mkuu mstaafu na mwenyekiti wa chama chetu cha kuhifadhi reli, akayakuta yale madaftari kwenye stoo ya stesheni. Alichanganyikiwa kwa furaha. Mwandiko safi, hakuna treni iliyorukwa! Akaagiza kibao cha shaba kiwekwe getini: "Malachy Gilroy, mlinda geti mwaminifu." Nami nikaiandika habari hiyo mbio mbio na kuipeleka gazetini, bila kumuuliza mtu.

Attracta aliposikia, akaja mkutanoni kwa mkongojo wake. Tulikuwa tunakunywa chai na mkate wa zabibu.

"Fintan, mwanangu," akasema, "hicho kibao kina jina la mtu mwingine. Geti nililinda mimi."

"Ah, mama, tunajua ulimsaidia sana mzee."

"Kumsaidia? Malachy hata bendera alikuwa hajui ilipo! Sitaki sherehe, sitaki maua. Nataka jina langu liandikwe kabla sijafa. Basi."

Fintan akakuna kidevu. Si mtu mbaya, ndiyo maana inauma zaidi. "Chama kinafuata ushahidi, mama. Tufanye hivi: tuandikie jina lako hapa, tulinganishe na daftari."

Akampa kalamu. Attracta akainama, akaandika Attracta Gilroy polepole, herufi moja moja, moja juu, moja chini, kama mtoto wa darasa la kwanza. Alikuwa hajazoea kuliandika. Dukani, posta, shuleni kwa watoto, popote alipotakiwa sahihi, mkono wake ulijua M. Gilroy tu. Fintan akaweka daftari kando ya karatasi. Maandishi hayakufanana hata kidogo.

"Pole sana, mama," akasema.

Nikajikohoza. "Lakini mimi nilikuwa namwona getini nikienda shule."

"Ulikuwa na miaka mingapi, Dervla?" Fintan akaniuliza.

"Sita."

"Ukiwa na sita uliwahi kuniambia umemwona shetani kwenye choo cha shule!"

Watu wakacheka, nikacheka nao. Na nilijua, Mungu wangu, nilijua pale pale cha kusema: mwambieni aandike M. Gilroy! Maneno matatu, manne. Lakini habari yangu ilikwisha kuchapishwa, na sikutaka kuonekana mpumbavu. Nikajaza mkate mdomoni.

Jumapili ya uzinduzi alikuja diwani, bendi ya kijiji ikapiga. Wakamwita mjane avute kitambaa kilichofunika kibao. Fintan akampa kipaza sauti: "Mama, tuambie kidogo kuhusu marehemu."

Attracta akakitazama kibao, halafu akatutazama sisi. "Malachy alikuwa anaogopa treni," akasema. "Alikuwa anajificha kwenye viazi."

Umati ukaangua kicheko. Diwani akafuta machozi. "Loo, huyu bibi ana vituko!"

"Geti nililinda mimi!" akapaza sauti, na wakacheka zaidi na kumpigia makofi. Mtu akamshika mkono, akamkalisha kitini na kumletea chai.

Nikaenda nyumbani kuandika. Niliapa safari hii nitaandika ukweli, na nikaandika: kwamba alisema ndiye aliyelinda geti, na kwamba hakuwa anatania. Nilijisifu moyoni. Alhamisi gazeti likatoka, na mchana Attracta akagonga mlango wangu, gazeti mkononi, kidole kwenye mstari wa kwanza. Nikasoma. "Bi. Malachy Gilroy asema ndiye aliyelinda geti."

Ndivyo tunavyowaandika wake za watu hapa, kwa jina la mume. Sikufikiri. Mkono ulienda wenyewe.

Nikampigia mhariri pale pale, mama wa watu kasimama mlangoni. Nikamwambia nimekosea jina, asahihishe.

"Kwani si mke wa Malachy Gilroy?" akauliza.

"Ndiye."

"Sasa kosa liko wapi?"

Attracta alisikia yote. Hakunitukana, bora angenitukana. Alikunja gazeti, akaniachia kizingitini, akaondoka. Sasa tukikutana mlangoni pa kanisa, mbele ya watu, hunisalimu kwa sauti, kila neno mahali pake: "Hujambo, Bi. Colm Feely?"

Colm ni mume wangu. Ninaitika sijambo.